Vidonge vya kulainisha mapaja na njaa ya mafuta Kakuma

Kuna biashara moja inayonawiri kwa sababu ya haya ya wanawake. Ni ile ya vidonge vya mafuta vinavyodaiwa kuondoa selulaiti, yaani vile vibonyeo na vinundu vinavyoonekana kwenye ngozi ya mapaja na makalio, ambavyo wengi huvifananisha na ganda la chungwa. Matangazo yake hufika popote simu ya mkononi inapofika, na siku hizi simu zimefika Lodwar na Kakuma sawa na zilivyofika Nairobi na Mombasa.

Madai yenyewe hupambwa kwa maneno ya kitaalamu. Mwanamke huambiwa kwamba ngozi yake imeharibika kwa kukosa asidi muhimu za mafuta. Kisha huahidiwa kwamba akimeza mafuta ya samaki, ya mbegu za kitani au ya ua fulani la ng'ambo kwa miezi miwili au mitatu, mapaja yatakuwa laini kama ya mtoto mchanga.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maoni yangu ni kwamba asidi hizi ni muhimu kweli, tena kuliko wauzaji wenyewe wanavyofahamu. Lakini kazi yake si ile wanayoitangaza, na wanaozihitaji zaidi katika nchi hii si wale wanaolengwa na matangazo. Anayetaka ushahidi na autafute Turkana.

ASIDI HIZI NI NINI?

Hadi miaka ya 1920 wataalamu wengi waliamini kwamba mafuta katika chakula ni kuni tu za mwili. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya hao walidumaa, ngozi zao zikawa na magamba, figo zikaharibika, na wengi wakafa mapema. Walipopewa mafuta kidogo ya aina fulani, walipata nafuu.

Ndipo ikajulikana kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Ni lazima yaliwe. Asidi zenyewe ni mbili: linoleiki, ambayo ni ya kundi la omega-6, na alfa-linoleniki, ambayo ni ya kundi la omega-3. Kutokana na hizi mbili mwili hujaribu kutengeneza nyingine ndefu zaidi, na mojawapo, iitwayo DHA kwa kifupi, hujenga ubongo na macho ya mtoto tangu akiwa tumboni. Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu hutengeneza DHA kidogo mno. Njia ya uhakika ni kuipata ikiwa tayari, kutoka kwa samaki au, kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama.

Ni kweli, basi, kwamba anayekosa kabisa asidi hizi ngozi yake hukauka na kutoa magamba. Hapo ndipo wauzaji walipojipenyeza. Wamechukua ukweli kuhusu ngozi kavu wakaubandika kwenye selulaiti, kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo.

SELULAITI SI UGONJWA

Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta lililogawanywa katika vyumba vidogo vidogo kwa nyuzi ngumu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, walieleza kwamba kwa wanawake nyuzi hizi husimama wima kutoka kwenye ngozi kwenda chini, ilhali kwa wanaume hupishana kimshazari kama wavu. Mafuta yanapojaa katika vyumba vya wanawake husukuma ngozi juu, na nyuzi nazo huivuta chini. Matokeo ni vibonyeo.

Kwa hivyo selulaiti ni umbile. Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba wanawake wanane hadi tisa kati ya kila kumi huwa nayo baada ya kubaleghe, wanene kwa wembamba. Haiumizi wala haiambukizi, na haina maana kwamba mwenye nayo ni mvivu au mchafu.

Msomaji ajiulize: kidonge cha mafuta kikimezwa, kinasagwa tumboni, kinaingia katika damu na kusambaa mwili mzima. Kitajuaje njia ya kwenda pajani kukata nyuzi? Hata kupunguza uzito, ambako kuna faida nyingi, hakuondoi selulaiti kwa hakika. Wengine huonekana nafuu, na wengine ngozi hulegea na vibonyeo vikazidi kuonekana.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mwaka 1999 kampuni ya Rexall Sundown ilianza kuuza Marekani vidonge vya Cellasene, vilivyobuniwa Italia. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya samaki, mafuta ya mbegu za ua la primrose, na dondoo za mimea kadhaa. Wanawake walivigombania madukani. Mwaka 2000 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliishtaki kampuni hiyo kwa kudai, bila ushahidi wa kutosha, kwamba vidonge hivyo huondoa selulaiti. Mwaka 2003 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya kuwarudishia wanunuzi hadi dola milioni 12. Zaidi ya miaka 20 imepita, na madai yale yale yanatembezwa tena mitaani kwetu, chupa na jina vikiwa vimebadilishwa.

SOMO KUTOKA KWA WAFUGAJI

Ikiwa kuna watu wangepaswa kuulizwa habari za mafuta ya kula, ni Waturkana. Mfugaji wa Turkana anayeishi kwa desturi hupata sehemu kubwa ya chakula chake, kiasi cha asilimia 70 hadi 80, kutoka kwa mifugo: maziwa, nyama na damu ya ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kwa hesabu ya kitabuni mtu angetarajia moyo wake uwe taabani.

Mwaka 2020 watafiti kutoka Kenya na Marekani walichapisha katika jarida la Science Advances matokeo ya kuwapima zaidi ya Waturkana 1,200. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo na mishipa. Waliokuwa wameacha ufugaji lakini wakabaki mashambani hawakutofautiana nao sana. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na uzito mkubwa zaidi na dalili zaidi za maradhi ya moyo na kisukari. Tena waliozaliwa katika mazingira ya mjini walikuwa na hali mbaya zaidi ukubwani.

Hapa tusikurupuke kusema kwamba mafuta ya nyama ni dawa. Mfugaji hutembea mwendo mrefu kila siku, na jumla ya chakula chake si nyingi. Mji humletea unga uliokobolewa, sukari, chai tamu na vyakula vya kukaangwa, huku miguu ikipumzika. Mwaka 2025 baadhi ya watafiti hao walieleza pia katika jarida la Science kwamba miili ya Waturkana ina mabadiliko ya vinasaba yanayowasaidia kuishi na maji kidogo na nyama nyingi. Kilichowafaa jangwani huenda kisiwafae mjini.

Lakini kuna jambo moja la mafuta ambalo halina utata. Majani mabichi yana asidi ya alfa-linoleniki. Mnyama anayekula majani huipitisha kwa kiasi fulani katika maziwa na nyama yake. Miaka ya 1960 Michael Crawford, mtaalamu Mwingereza aliyefundisha Makerere, alilinganisha nyama ya wanyama wa porini wa Uganda na ile ya ng'ombe walionenepeshwa, akakuta kwamba nyama ya porini ilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha asidi muhimu katika mafuta yake. Mtoto wa mfugaji katika msimu wa mvua hanunui omega-3 kwa chupa. Huinywa katika kibuyu cha maziwa.

Mvua ikikosa, kibuyu hukauka. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindikana kwa mfululizo katika kaskazini mwa Kenya, na mifugo kwa mamilioni ikafa. Kila ukame mkubwa unapokuja, vipimo vya lishe katika sehemu za Turkana hupita asilimia 15 ya watoto waliokonda kupita kiasi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa cha dharura.

ZIWA LIPO, SAMAKI WAPO

Kilomita kama 60 kutoka Lodwar iko Kalokol, na hapo karibu liko Ziwa Turkana. Pwani ya mashariki ya ziwa hilo, Koobi Fora, wanasayansi walichimba mifupa ya samaki, kasa na mamba yenye alama za kukatwa kwa zana za mawe. Umri wake ni miaka milioni 1.95. Walipochapisha habari hiyo mwaka 2010 walieleza kwamba chakula cha majini, chenye asidi zinazojenga ubongo, huenda kilichangia ubongo wa mababu wa binadamu kukua. Fikiria basi: pengine hakuna mahali duniani ambapo samaki wameliwa muda mrefu kuliko hapa Turkana.

Leo sangara na tilapia wa ziwa hilo hukaushwa kwa jua na chumvi, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Kisumu, Busia na hata Kongo. Mapema miaka ya 1980 Norway ilijenga Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki kwa barafu. Kilifanya kazi muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama iliyozidi bei ya samaki wenyewe, na baadaye ghuba iliyokuwa ikivuliwa ikakauka. Kosa lilikuwa kufikiria soko la mbali kabla ya sufuria ya jirani.

Mwenye chupa ya vidonge aelewe pia hesabu hii. Kidonge cha kawaida cha gramu moja ya mafuta ya samaki huwa na miligramu kama 300 tu za omega-3 zile ndefu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipendekeza mwaka 2010 miligramu 250 kwa siku kwa mtu mzima. Samaki wa maji baridi wa kwetu hawana mafuta mengi kama wale wa bahari za baridi, lakini anayekula samaki au dagaa mara mbili au tatu kwa wiki anaelekea huko huko, na juu yake anapata protini, madini ya chuma na, kwa dagaa anayeliwa na mifupa yake, kalisi.

KILIFI ILIONYESHA NINI

Sasa tufike penye uzito. Watoto wenye utapiamlo mkali hutibiwa kwa chakula maalumu cha karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, kilichobuniwa miaka ya 1990 na daktari Mfaransa André Briend na wenzake. Chakula hicho kimeokoa maisha ya watoto wengi mno, Turkana ikiwemo. Lakini karanga zina omega-6 nyingi na omega-3 karibu hakuna.

Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi, hapa hapa Kenya, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 waliokuwa wakitibiwa utapiamlo. Kundi moja lilipewa chakula cha kawaida cha karanga. La pili lilipewa chenye mafuta ya kitani yaliyoongeza omega-3. La tatu lilipewa hicho cha pili pamoja na vidonge vya mafuta ya samaki. Ilionekana kwamba chakula cha kawaida hakikurekebisha upungufu wa omega-3 katika damu. Mafuta ya kitani peke yake hayakutosha kuinua DHA. Waliopewa mafuta ya samaki ndio ambao DHA yao ilipanda.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, na ulipima damu, haukupima akili. Lakini baadaye huko Malawi utafiti mkubwa uliowahusisha watoto zaidi ya 2,500 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa chakula kilichopunguzwa omega-6 na kuongezwa DHA walipata alama bora zaidi katika vipimo vya ukuaji wa akili miezi kadhaa baada ya matibabu. Mwaka 2022 mwongozo wa kimataifa wa vyakula vya tiba uliweka mipaka ya omega-6 na kiwango cha chini cha omega-3.

Tazama basi maajabu haya. Kidonge kile kile ambacho mwanamke wa mjini anakimeza ili kulainisha paja, bila ushahidi, ndicho ambacho mtoto aliyekonda anakihitaji ili ubongo wake ujengeke, na ushahidi unazidi kukusanyika.

KAKUMA

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo Kakuma na jirani yake Kalobeyei, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2010, zina watu wanaokaribia laki tatu. Wengi wao hawana shamba wala mifugo, na hutegemea msaada.

Kanuni za misaada ya chakula zinataka mtu apate kalori 2,100 kwa siku, na angalau asilimia 17 zitokane na mafuta. Hiyo ni takriban gramu 40 za mafuta, vijiko vitatu hivi vya mezani. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Watu waliandamana. Mgao unapopungua hivyo, kinachobaki sufuriani ni nafaka na maji, na mama huamua nani ale kwanza.

Ni kweli kwamba mwanamke wa Nairobi akiacha kununua kidonge, pesa hizo hazitaruka hadi Kakuma. Wala sisemi mtu asipendeze. Pesa ni zake na mwili ni wake. Ninachosema ni kwamba elimu yetu kuhusu mafuta imepotoshwa na wenye kuuza. Neno omega-3 likitajwa, tunafikiria mapaja, nywele na kucha. Hatufikirii mama mjamzito wa Kalobeyei, wala mtoto wa Lokichoggio aliyeachishwa ziwa kwa uji mtupu. Jambo ambalo wananchi hawalijui hawawezi kulidai.

YA KUFANYA

Kwa mnunuzi, nina ushauri wa aina nne. Kwanza, anayekuahidi kuondoa selulaiti kwa kidonge mwombe utafiti uliofanywa kwa wanawake wengi, wengine wakipewa kidonge bandia ili kulinganisha. Akikuonyesha picha mbili tu, ya kabla na ya baadaye, funga mkoba.

Pili, kumbuka joto. Mafuta yenye omega-3 huchacha upesi yakikaa kwenye joto, na chupa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Lodwar mchana hupita nyuzi 35 bila taabu. Chupa iliyosafiri kwenye boneti la basi na kukaa kwenye rafu isiyo na kivuli huenda imeshaharibika. Kipasue kimoja unuse. Kikinuka vibaya kama samaki aliyeoza, kitupe.

Tatu, mjamzito asimeze mafuta ya ini la samaki bila kuuliza daktari, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijipe dozi kubwa ya mafuta ya samaki.

Nne, nenda sokoni. Dagaa, tilapia, majani ya kunde, mchicha na mayai vitakupa zaidi ya chupa, tena vitashibisha na watoto. Samaki mchemshe au umchome. Ukimkaanga kwa mafuta yaliyochemka mara tano umeharibu ulichokinunua.

Kwa serikali, idara zinazosimamia dawa na ubora wa bidhaa ziache kuangalia tu kama kidonge kina sumu. Ziangalie pia kama maneno yaliyo kwenye chupa ni ya kweli. Uongo wa kibiashara nao ni madhara.

Kwa Kaunti ya Turkana na mashirika ya misaada, samaki wa ziwa wasipite Lodwar usiku kwenda Busia huku shule za Lodwar na Kakuma zikila githeri isiyo na kitoweo. Wavuvi wasaidiwe kujenga vichanja vya kukaushia vyenye kivuli na usafi, kwa sababu jua kali nalo huunguza mafuta mazuri ya samaki. Samaki wa unga aweza kuchanganywa katika uji wa watoto bila kiwanda cha mamilioni. Bustani za magunia ambazo akina mama wa Kakuma wameshazizoea ziendelezwe, ili mboga za majani zisikosekane. Zaidi ya yote, mgao wa mafuta ya kupikia, yaliyoongezwa vitamini A, usiwe wa kwanza kukatwa kila mfadhili anapofunga mfuko.

Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji. Ubongo wa mtoto nao hujengwa mapema, hasa tangu tumboni hadi umri wa miaka miwili. Mtoto aliyepitwa na muda huo hawezi kurudishiwa kwa chupa yoyote. Paja lenye vibonyeo halimpunguzii mtu siku ya kuishi.